Vinywaji vya Karamu ya Noeli: Habari Zake Tangu Kale Katika Nchi ya Mpanda

Kila mwaka, mvua za kwanza zikisha kunyesha na watu wakiwa na majembe mkononi, huanza katika nyumba zetu shauri moja lisilo dogo: siku ya Noeli tutawanywesha wageni nini? Chakula hakisumbui sana, maana wali na kuku, au nyama ya mbuzi kwa mwenye nacho, vimekwisha kuwa desturi. Lakini kinywaji huleta ubishi. Kijana aliyerudi kutoka mjini ataka divai ya chupa; mzee asema pasipo pombe ya ulezi hapana karamu; mama wa nyumba ahesabu fedha moyoni, akanyamaza.

Basi tumeona vema kulitazama neno hili kwa njia ya historia. Maana mtu ajuaye kinywaji chake kilikotoka, na kwa nini bei yake iko kama ilivyo, huchagua kwa akili kuliko yule afuataye macho ya jirani.

1. Pombe ya wazee na majira yake

Wakonongo wa Inyonga, Wapimbwe wa bonde la Rukwa, Wabende wa milima iliyo karibu na ziwa Tanganyika, na jirani zao Wafipa na Wanyamwezi, hawakungoja mgeni kuwafundisha karamu. Nafaka zao za kale zilikuwa ulezi na mtama. Mahindi yalikuja baadaye, kwani asili yake ni Marekani. Mwanamke aliloweka nafaka, akaiacha ichipue, akaianika juani, kisha akaisaga. Hicho ndicho kimea. Unga wa kimea ukitiwa katika uji uliopoa, uji ule hulainika na kuwa mtamu. Ukinywewa upesi ni togwa, kinywaji cha watoto na wagonjwa na wasafiri. Ukiachwa siku kadha hata uchachuke, ni pombe. Kwa hiyo togwa na pombe ni ndugu wa tumbo moja. Tofauti yao ni siku tu.

Wataalamu wametueleza sababu yake. Nafaka ikichipua huzaa kitu kiwezacho kuvunja wanga kuwa sukari, na ndiyo maana uji hupata utamu pasipo kutiwa kitu. Kisha chachu hula sukari ile, ikatoa kileo, pamoja na hewa ile inayofanya povu. Bibi zetu hawakuyajua maneno haya, lakini kazi yenyewe waliijua barabara, wala hawakuhitaji kitabu ili waipate sawasawa.

Tena pombe ile haikuwa kitu cha kuuzwa kwanza. Ilikuwa ujira wa kazi. Mwenye shamba kubwa alipika mitungi, akawaita majirani kuja kulima au kuvuna. Jua likishuka wakaketi pamoja wakanywa. Ilitumika katika arusi, katika matanga na katika matambiko. Richard Burton, Mwingereza aliyepita Unyamwezi katika miaka ya 1857 na 1858 akienda Ujiji, alieleza katika kitabu chake habari za pombe ya nafaka na za togwa. Basi vinywaji hivi vina ushahidi wa maandishi wa zaidi ya miaka 160, na umri wake wa kweli umepita huo mara nyingi.

Lakini angalieni neno moja lisilofikiriwa sana, nalo ndilo kiini cha habari yetu. Karamu za wazee zilikuwa za kiangazi. Ulezi na mtama vilipokwisha kuvunwa na ghala kujaa, ndipo mitungi ilipotoka. Mwenye akili hakupika pombe nyingi katika miezi ya kupanda, kwa sababu nafaka iliyobaki ilikuwa ni chakula na mbegu.

Noeli yetu nayo huja lini? Huja tarehe 25 Desemba, katikati ya kupanda. Sikukuu hii iliadhimishwa Roma tangu mwaka 336 au kabla ya hapo, katika nchi ambazo Desemba ni majira ya baridi. Huko mavuno yamekwisha kuingia ghalani. Zabibu zimekwisha kuchumwa Septemba na Oktoba, nayo divai mpya iko katika mapipa. Hivyo watu wa Ulaya walipofanya karamu mwezi huo walikula na kunywa katika wingi wao. Sisi tulipokea sikukuu ile pamoja na tarehe yake, lakini majira yake hayakusafiri nayo. Mtu wa Katavi afanyaye karamu kubwa mwezi wa Desemba hula katika uchache wake: ghala linapungua, mbolea yataka fedha, na Januari sare na madaftari ya watoto yangoja mlangoni. Hapo ndipo kinywaji cha siku moja kiwezapo kuwa deni la mwaka mzima.

2. Chupa iliyopita Ukonongo mwaka 1871

Divai ya chupa ilipita katika nchi yetu zamani sana kuliko watu wengi wanavyodhani. Mwaka 1871 Henry Stanley, aliyetumwa na gazeti moja la New York kumtafuta Daktari Livingstone, aliondoka Bagamoyo mwezi wa Machi. Alipofika Unyanyembe, yaani pande za Tabora, alikuta njia ya kawaida ya kwenda Ujiji imefungwa na vita vya Mirambo. Kwa hiyo alizunguka kusini, akapita Ukonongo, akafika kwa mtemi Mrera, akaendelea hata kijito cha Mpokwa, kisha akageuka kaskazini kuelekea Uvinza na Ujiji. Sehemu kubwa ya mzunguko ule imo leo katika Mkoa wa Katavi.

Katika mizigo yake Stanley alikuwa na chupa moja ya shampeni ya Sillery, divai ya Ufaransa yenye povu, na vikombe vya fedha, akiwa ameviweka kwa ajili ya siku atakayomwona Livingstone. Siku ile ilipofika, 10 Novemba 1871 kwa hesabu yake mwenyewe, alimwagiza kijana wake Selim ailete chupa ile, nao wakanywa wakitakiana afya njema.

Sasa, msomaji, ihesabu gharama ya chupa ile. Ilitoka Ufaransa kwa meli hata Unguja, ikavuka hata Bagamoyo, ikachukuliwa na watu kwa muda wa miezi kama minane, pamoja na ile iliyokaa Unyanyembe wakati wa vita. Wapagazi wake walikula njiani kila siku, na watemi wa njiani walidai hongo. Yaliyomo ndani ya chupa yalikuwa kidogo sana kulinganisha na mwendo uliolipiwa.

Siku 45 baadaye ikaja Noeli, Stanley na Livingstone wakiwa bado Ujiji. Wakaazimu kuiadhimisha kama ilivyo desturi ya kwao. Wakanunua sokoni, na mengine wakapata kwa Mwinyi Kheri, mkubwa wa Ujiji: kondoo wanono, mbuzi, mayai, maziwa, ndizi, samaki, vitunguu, viazi vitamu na unga mzuri. Na vinywaji je? Vilikuwa pombe, na tembo la michikichi ambalo Stanley aliliandika kwa jina la zogga. Shampeni ilikwisha, walichokunywa kilikuwa cha nchi. Karamu ile iliharibika, lakini Stanley hakuvilaumu vinywaji. Alimlaumu Ferajji, mpishi wake, aliyeunguza nyama na vitu vitamu. Mwenye karamu mwenyewe alikuwa ametoka katika homa, hana hata nguvu za kumwadhibu. Nasi twapata hapa fundisho dogo la nyumbani: macho yakiwa kwenye kinywaji, mtu na ayaweke kwanza jikoni.

3. Nyuki wa Mpokwa

Siku mbili baada ya Noeli ile wazungu wale wawili waliondoka Ujiji kurudi Unyanyembe, wakapita tena katika nchi yetu. Mwishoni mwa Januari 1872, mashariki ya Mpokwa, kundi la nyuki lilimshambulia punda wa Livingstone. Badala ya kukimbia, punda alijitupa chini akagaagaa. Livingstone naye akagaagaa, kisha akakimbilia kichakani, akizungusha tawi kichwani kuwafukuza. Aliumwa sana kichwani na usoni. Punda akafa baada ya siku mbili. Daktari aliandika kwamba hajapata kuona watu wakishambuliwa hivyo.

Twasimulia habari hii si kwa kuchekesha tu. Nyuki wale ni ushahidi wa mali ya nchi. Pori la miyombo linaloanzia Tabora na kupita Inyonga hata Mpanda ni mojawapo ya nchi za asali zilizo bora katika Tanzania nzima. Tangu zamani za Wadachi nta ya pande hizi iliuzwa ng'ambo. Wazee walichonga mizinga ya magogo, na mingine waliifanya kwa magome ya miti, wakaitundika juu. Mizinga ya magome ina hasara yake, maana mti ubanduliwao gome lake pande zote hufa. Ndiyo sababu mabwana nyuki wa siku hizi huwahimiza watu watumie mizinga ya mbao.

Kwa asali watu walifanya kinywaji cha heshima. Asali iliyotiwa maji na kuachwa mahali penye joto huchachuka yenyewe au kwa kusaidiwa na chachu; hiyo huitwa wanzuki. Kinywaji hiki si cha Afrika peke yake. Wahabeshi wana teji yao, na watu wa kaskazini ya Ulaya, ambako zabibu hazistawi, walikunywa divai ya asali karne nyingi kabla ya divai ya zabibu kuwafikia kwa bei nafuu. Kila taifa lilianza na kile ambacho nchi yake ilikitoa.

Tena asali ina sifa moja ambayo ulezi hauna: haihasimiani na chakula. Debe la ulezi likipikwa pombe, ni debe la ugali lililoondoka. Asali haipungui kwa sababu ya kupanda, wala haiozi ikihifadhiwa safi, imefunikwa, haikuingia maji. Mtu aliyerina kiangazi aweza kuweka chupa mbili au tatu hata Noeli. Basi kwa mwezi wa Desemba, asali ni kinywaji cha majira yetu hasa kuliko pombe ya nafaka.

4. Divai ya altare na miguu ya wapagazi

Mwaka 1879 Wabelgiji wa chama cha mfalme Leopold walijenga kituo Karema, kando ya ziwa Tanganyika. Mwaka 1885 kituo kile kikakabidhiwa kwa Mapadre Weupe, wamisionari walioanzishwa na Kardinali Lavigerie. Mpaka leo Karema ni jina lenye heshima katika habari za Kanisa la pande hizi. Ndiko alikofika mwaka 1889 Adriano Atiman, mganga na katekista, aliyewatibu watu hata alipofariki mwaka 1956.

Pamoja na wamisionari ikaja divai kwa haja mpya, si ya karamu bali ya ibada. Sheria ya Kanisa Katoliki yataka divai ya Misa iwe ya zabibu halisi isiyoharibika. Haiwezi kuwa wanzuki wala pombe ya ulezi, hata ikiwa nzuri namna gani. Nchi yetu haikuwa na mizabibu; basi divai ile ilibidi ije kutoka pwani.

Mpagazi alichukua mzigo wa frasila 2, yaani kadiri ya kilo 32. Sanduku la chupa 12 zilizojaa halipungui kilo 15. Kwa hiyo mtu mmoja aliweza kuchukua chupa kama 24, na safari ya kutoka Bagamoyo hata Karema ilikuwa ya miezi mitatu na zaidi. Ujira wa mtu kwa miezi hiyo, na chakula chake, ugawanye kwa chupa 24, bila kuhesabu zilizovunjika. Hapo mtaona kwa nini divai katika misheni za bara ilipimwa kwa matone. Padre aliyetia kidogo katika kikombe cha Misa hakuwa mchoyo. Alikuwa akihesabu miguu ya watu.

Neno lenyewe lina historia yake. Maneno mawili ya Kiswahili, mvinyo na divai, yamekuja kwa njia mbili. Mvinyo latokana na Kireno, vinho, nalo lilifika pwani pamoja na Wareno waliokuja tangu mwaka 1498. Divai latokana na Kifaransa, du vin, nalo likaenea kwa vinywa vya wamisionari. Maneno yalifika kwa mashua na kwa vitabu, hayakulipiwa mzigo. Lakini kitu chenyewe kililipiwa kila hatua.

Kisha miguu ikapumzishwa kwa sehemu. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Meli iliyojengwa na Wadachi kwa jina la Graf von Götzen ilizamishwa wakati wa vita, ikaopolewa, na mwaka 1927 ikaanza tena kazi kwa jina la Liemba, ikichukua watu na mizigo katika bandari za ziwa. Mpanda yenyewe ilipata reli yake baada ya risasi kuvumbuliwa Mukwamba mwaka 1934. Tawi la kutoka Kaliua, urefu wa kilomita 210, lilifunguliwa mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi ule. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, lakini reli ikabaki, na mji ukabaki, na duka likabaki. Watu wa makabila mengi waliokuja kwa kazi walizoea vinywaji vya chupa. Baadaye wakimbizi wa kutoka Burundi walikaa Katumba tangu 1973 na Mishamo tangu 1978, nao ni watu wenye ufundi wa kale wa pombe ya ndizi na ya mtama. Hivyo meza ya Mpanda ikawa na mitungi ya nchi nyingi.

5. Jinsi kilichokatazwa kilivyopata heshima

Yafaa sasa kuuliza: kwa nini chupa ya kigeni ina heshima machoni petu kuliko ubora wake? Historia yajibu. Mwaka 1890 mataifa yalifanya mapatano huko Brussels juu ya biashara ya watumwa, na ndani yake wakaweka masharti juu ya vileo vikali katika nchi za Afrika zilizo kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini. Mwaka 1919, katika mapatano ya Saint-Germain, masharti hayo yaliongezwa nguvu. Serikali ya Waingereza katika Tanganyika nayo ikamkataza Mwafrika vileo vikali vya Kizungu, hata vizuizi vikalegezwa kidogo kidogo kabla ya uhuru wa mwaka 1961.

Kukataza vileo vikali kulikuwa na faida yake, maana ginu na ramu za biashara zilikwisha kuharibu nchi nyingi za magharibi ya Afrika. Lakini kwa kuwa sheria ilitazama rangi ya mtu, ilizaa tunda jingine. Chupa ikawa alama ya ukubwa. Aliyekuwa nayo mezani alionekana amekuwa bwana. Sheria imekwisha kuondoka, lakini macho yale yamebaki nasi, na wauzaji wayajua. Wahenga walisema, kipya kinyemi ingawa kidonda.

Upande wa pili kikaja kidonda chenyewe: moshi, ambao wengi huuita gongo. Serikali iliupiga marufuku kwa sheria ya mwaka 1966. Ubaya wake si nguvu zake tu. Pombe iliyokenekwa pasipo ujuzi, au kuchanganywa na spiriti isiyo ya kunywa, yaweza kuwa na methanoli, sumu inayoua mishipa ya macho na mara nyingi mtu mwenyewe. Hata vileo halali vya bei ndogo vilileta maafa kwa njia yao. Pombe kali iliyotiwa katika vifuko vidogo vya plastiki, yaani viroba, ilifika mikononi mwa wanafunzi, hata ikakatazwa kuanzia 1 Machi 2017. Basi neno rahisi lina maana mbili: lipo rahisi lililo nafuu, na lipo rahisi lililo mtego.

6. Zabibu za Dodoma

Wakati watu wa Mpanda walipokuwa wakingoja divai ya ng'ambo, mizabibu ilikuwa ikishika mizizi katikati ya nchi. Katika miaka ya 1950 wamisionari wa Bihawana, karibu na Dodoma, walipanda mizabibu, nayo ikastawi. Ugogo una jua jingi na mvua chache, na udongo usiotuamisha maji. Mambo ambayo ni taabu kwa mahindi yakawa raha kwa zabibu. Tena katika Ulaya mzabibu huzaa mara moja kwa mwaka kwa sababu ya baridi, bali Dodoma, ukipogolewa vema, huzaa mara mbili. Aina moja ya zabibu imepewa jina la Makutupora, kwa ajili ya mahali penye kituo cha utafiti. Wakulima wadogo wengi walifuata, viwanda vikajengwa, na divai ya Dodoma ikaanza kuonekana madukani.

Mambo mawili huipa divai hii bei iliyo nafuu. La kwanza ni mwendo: haikuvuka bahari. La pili ni ushuru: sheria imekuwa ikiitoza divai yenye zabibu za nchini zaidi ya 75 kwa 100 ushuru mdogo kuliko divai ya kigeni. Kwa hiyo mtu alipaye bei moja kwa chupa ya Dodoma na kwa chupa ya ng'ambo, katika ile ya pili sehemu kubwa ya fedha yake imekunywewa na meli na forodha kabla hajaonja.

Wala si zabibu tu. Huko Tabora, mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti wa kilimo cha miti waliwafundisha akina mama kufanya maji ya matunda, jamu na divai kwa matunda ya pori, kama vile mbula, furu na mitonga. Pori lao ndilo pori letu.

7. Shauri kwa mwenye nyumba

Kwa habari hizo zote, tutoe shauri kwa kifupi.

Kwanza, hesabu watu kabla ya kuhesabu chupa. Katika arusi ya Kana aibu iliyowakaribia wenyeji haikuwa divai mbaya, bali divai iliyokwisha. Mgeni husamehe kinywaji kisicho na jina kubwa. Ni vigumu kusahau kwamba aliketi na kikombe kitupu.

Pili, kinywaji cha wote kiwe cha nyumbani. Togwa ipikwe siku moja au mbili kabla, ikae mahali pa baridi, wala isingojwe mpaka ichachuke. Ukwaju huiva wakati wa kiangazi, na nyama yake huhifadhika. Uloweke, uchuje, uchemshe, utie asali au sukari, uuache upoe. Huko ziwa Katavi upo mkwaju maarufu ambao watu tangu kale waliuheshimu na kuuwekea sadaka. Sisi twaweza kuuheshimu mti huu kwa kuutumia vema mezani. Asali katika maji ya vuguvugu pamoja na limau ni kinywaji kizuri cha watoto na wazee, ila mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe asali kabisa. Chai yenye maziwa na tangawizi nayo haijapata kumwaibisha mtu.

Tatu, kama nyumba yenu hutumia divai, inunueni kwa kuonja, si kwa kulewa. Chupa ya mililita 750 hutoa glasi 6 za mililita 125. Watu wazima 12 wakipewa glasi moja moja wakati wa kutakiana heri, chupa 2 zatosha. Kumpa kila mmoja chupa ya bia kwahitaji chupa 12. Linganisha bei hizo mbili dukani, utaona. Nyekundu huenda vema na nyama, nyeupe na samaki wa ziwa kama migebuka. Pasipo friji, funga chupa kwa kitambaa kibichi uiweke kivulini penye upepo, au uisimamishe ndani ya mtungi wa maji. Tena usinunue nyingi kwa kujipa moyo kwamba itakayobaki itafaa kesho. Divai iliyofunguliwa huharibika upesi.

Nne, tazama kifuniko na karatasi ya chupa. Iwe haijafunguliwa, ina alama ya Shirika la Viwango na stempu ya kodi. Isiyo na hivyo, iache hata kama muuzaji ni rafiki. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na wa siku hizi huweza kulitia kibaya kuliko maji.

Tano, apikaye wanzuki au pombe ya nafaka kwa kuuza akumbuke kwamba sheria ya vileo ya mwaka 1968 yataka kibali. Katika vijiji vingi vya Mpimbwe na kwingineko upishi wa pombe ni chumo la wanawake, nasi hatuwadharau. Fedha ile imewavisha watoto wengi. Lakini nafaka ya Desemba na ipimwe mara mbili kabla ya kulowekwa.

Yako makanisa yaliyowakataza watu wao kileo cho chote, na wako watu ambao kwa afya yao au kwa udhaifu wao hawafai kukiona. Mwenyeji mwema huweka meza ambayo mtu wa namna hiyo hatalazimika kujieleza. Togwa na ukwaju vikitangulia na kuwa vingi, hakuna atakayeuliza kwa nini fulani hakunywa divai.

Bandu bandu huisha gogo. Karamu iliyo njema ni ile ambayo Januari ikifika mwenye nyumba angali ana mbegu shambani, mtoto ana daftari, na wageni wanaikumbuka nyumba ile kwa maongezi yake. Wazee wetu walikunywa katika wingi wao, kwa majira yao. Sisi nasi tutakuwa tumewafuata kweli tukinywa kadiri ya ghala, na si kadiri ya jirani.